Kabla ya kununua inverta, mfugaji ajue kilichomo ndani

SIKU ya 18 ni siku ya presha kwa mfugaji anayetotolesha vifaranga kwa mashine. Mayai yamebakiza siku tatu kupasuka, mtaji wote umo ndani ya sanduku moja, na joto linatakiwa lisicheze mbali na nyuzi 37.5. Umeme ukikatika saa mbili usiku na kurudi saa saba, kinachoamua faida au hasara ya mzunguko huo ni betri iliyo pembeni na kile kisanduku cha bati kilichounganishwa nayo, yaani inverta.

Wafugaji wengi huikagua betri kwa makini, wakaiuliza uzito, umri na dhamana yake. Inverta huichukua kwa kusoma namba iliyoandikwa juu ya boksi na kulinganisha bei. Hapo ndipo makosa yanapoanzia, kwa kuwa inverta mbili zenye namba ileile ya wati 1,000 zaweza kutofautiana kama mchana na usiku katika mambo mawili: kiasi cha umeme wa betri zinachopoteza njiani, na jinsi zinavyojikinga mambo yanapokwenda kombo.

Suala hili halijapitwa na wakati. Watanzania wanaukumbuka mgawo wa mwaka 2006, ukame uliposhusha maji katika mabwawa ya kuzalisha umeme likiwamo la Mtera. Mgawo ulirudi tena mwishoni mwa mwaka 2023. Wakenya nao walishuhudia umeme ukikatika karibu nchi nzima mara tatu kati ya Agosti na Desemba 2023. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme katika gridi ya taifa Februari 2024 na kupunguza makali ya uhaba. Hata hivyo, uhaba wa umeme na kukatika kwa umeme ni mambo mawili tofauti. Transfoma ya mtaa ikiungua au nguzo ikiangushwa na mvua, megawati za Rufiji hazimfikii mfugaji hata kama ni nyingi kiasi gani.

Hesabu ya mayai 300

Ili kuona fedha inapopotelea, chukulia mfano wa mashine ndogo ya mayai 300. Hita na feni yake kwa pamoja zinavuta wati 240 hita inapowaka, lakini kwa kuwa hita huwaka na kuzima, wastani wake ni wati 120. Umeme ukikatika kwa saa tano, mashine itahitaji wati-saa 600.

Wati-saa hizo 600 hazitoki betrini zikafika zote. Inverta nzuri yenye ufanisi wa asilimia 85 itavuta kwenye betri wati-saa 706 ili itoe 600. Kwa betri ya volti 12, hizo ni ampea-saa 59. Betri ya asidi haitakiwi kushushwa chini ya nusu mara kwa mara, hivyo mfugaji anahitaji betri ya ampea-saa 118 au zaidi.

Sasa weka inverta hafifu yenye ufanisi wa asilimia 65. Ili kutoa wati-saa zilezile 600, itavuta wati-saa 923, sawa na ampea-saa 77. Betri inayohitajika inakuwa ya ampea-saa 154. Tofauti ni ampea-saa 36 za betri ambazo hazitotoleshi hata yai moja. Kazi yake ni kupasha moto bati la inverta. Tukichukulia kwamba kila ampea-saa ya betri inamgharimu mfugaji shilingi 4,000, hiyo ni shilingi 144,000 zilizofichika nyuma ya bei nafuu ya inverta. Tena gharama hiyo hujirudia kila betri inapobadilishwa.

Kwa upande wa pili wa mizani kuna mayai. Ikiwa mayai 240 kati ya 300 yatapasuka na kifaranga cha siku moja kikauzwa kwa shilingi 1,500, mzunguko mmoja unaingiza shilingi 360,000. Katika siku za mwisho yai lina kiumbe kinachopumua. Feni ikisimama hewa haizunguki, na joto likishuka kwa saa nyingi vifaranga huchelewa kutoka, wengine hufia ndani ya ganda. Usiku mmoja mbaya waweza kula faida ya miezi kadhaa.

Vyaelea vimeundwa

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Ili kuelewa kwa nini inverta moja inapoteza asilimia 15 na nyingine asilimia 35, ni lazima kufungua kisanduku.

Betri husukuma umeme upande mmoja tu, kutoka chanya kwenda hasi. Huo ni mkondo mnyoofu. Umeme wa ukutani ni mkondo geu: huenda mbele na kurudi nyuma mara 50 kwa sekunde, ukiwa na volti 230. Kazi ya inverta ni mbili, kuugeuzageuza umeme wa betri na kuupandisha volti.

Kugeuza hufanywa na transista zinazofanya kazi kama swichi. Katika muundo unaotumika sana ziko nne, mbili kushoto na mbili kulia, na mzigo umekaa katikati. Transista ya juu kushoto na ya chini kulia zikiwashwa, umeme unapita upande mmoja. Zikizimwa na kuwashwa zile nyingine mbili, umeme unapita kinyume chake. Hiyo ndiyo siri yote ya mkondo geu. Kazi hii zamani ilifanywa kwa taa za gesi na mitambo mizito. Jina lenyewe la inverta lilianza kupata umaarufu kupitia makala ya mhandisi David Prince wa kampuni ya General Electric ya Marekani mwaka 1925. Leo inafanywa na transista aina ya mosifeti, zenye ukubwa wa kucha ya dole gumba.

Kupandisha volti kuna njia mbili. Ya kwanza ni transfoma kubwa ya chuma inayofanya kazi kwa kasi ya mizunguko 50. Ni nzito, lakini huvumilia mishtuko ya mota na fundi wa kawaida anaweza kuitengeneza. Ya pili ni kuuwasha na kuuzima umeme wa betri makumi elfu ya mara kwa sekunde ili upite katika transfoma ndogo ya feraiti, uwe mkondo mnyoofu wa volti 350 hadi 400, kisha transista nyingine zigeuze huo kuwa volti 230 za mkondo geu. Inverta ya namna hii ni nyepesi na gharama zake za shaba na chuma ni ndogo, lakini bodi yake ina vipuri vingi na ikiharibika mara nyingi hutupwa.

Umeme unapopotelea

Adui wa kwanza ni ukubwa wa mkondo. Inverta inayotoa wati 1,000 kwa ufanisi wa asilimia 85 kutoka betri ya volti 12 inavuta karibu ampea 98. Upotevu katika waya huongezeka kwa mraba wa mkondo. Waya zenye ukinzani wa omu 0.005 tu, kwenda na kurudi, zitapoteza wati 48 kwa mkondo huo. Mfugaji akitumia betri mbili zilizounganishwa kutoa volti 24 na inverta inayolingana nazo, mkondo unashuka hadi ampea 49, na waya zilezile zinapoteza wati 12 tu. Ndiyo maana waunganishaji makini hawapendi kuzidisha wati 1,000 kwenye mfumo wa volti 12, na ndiyo maana waya za betri zinatakiwa ziwe nene na fupi.

Adui wa pili ni transista zenyewe. Transista moja yenye ukinzani wa omu 0.005 ikipitisha ampea 80 inageuza wati 32 kuwa joto. Ukiweka nne zikagawana mzigo huo, kila moja ikibeba ampea 20, jumla ya upotevu inashuka hadi wati 8. Mtengenezaji anayebana matumizi huweka chache, na mteja hulipa tofauti hiyo kwa joto.

Adui wa tatu ni uvivu wa kuwasha na kuzima. Transista ikiwa imewaka kabisa haipati joto sana, na ikiwa imezima kabisa haipati joto. Hatari iko katikati, inapokuwa nusu imewaka. Kwa hiyo saketi inayoziamuru transista lazima iwe na nguvu ya kuzivusha hatua hiyo haraka. Hapa ndipo inverta za kuunga-unga zilizotolewa kwenye mtandao wa michoro mibovu huonekana tofauti na zilizosanifiwa vyema.

Adui wa nne hafanyi kelele. Ni umeme unaoliwa na inverta yenyewe ikiwa imewashwa bila kufanya kazi yoyote. Inverta inayokula wati 20 ikiachwa wazi saa 24 inamaliza wati-saa 480, sawa na ampea-saa 40 za betri ya volti 12 kwa siku. Kwa mkulima anayetegemea sola, hiyo ni sehemu kubwa ya mavuno ya jua yanayoishia kwenye kisanduku.

Aidha kuna suala la umbo la umeme unaotoka. Inverta za bei ya chini hutoa wimbi la ngazi, linaloruka ghafla kutoka juu kwenda chini. Hita na taa hazijali sana. Mota za feni, pampu na friji hupata joto zaidi, hunguruma na kuishi muda mfupi, na baadhi ya vidhibiti joto vya kielektroniki huchanganyikiwa. Inverta za wimbi laini, ambazo madukani huitwa pyua sainiwevu, hutoa umeme unaofanana na wa gridi. Kwa mashine ya kutotolesha yenye feni, mota ya kugeuza mayai na kidhibiti joto, wimbi laini lina thamani yake.

Kinga sita zisizotakiwa kukosekana

Ufanisi huokoa fedha taratibu. Kinga huokoa fedha zote kwa mpigo, na wakati mwingine nyumba.

Kinga ya kwanza haionekani kwa macho. Transista mbili za upande mmoja zikiwaka kwa pamoja hata kwa kitambo kidogo, betri inakuwa imeunganishwa chanya na hasi moja kwa moja. Betri kubwa ya asidi yaweza kutoa mamia ya ampea katika hali hiyo, na transista hupasuka kama fataki. Kwa sababu hiyo msanifu huacha mwanya mfupi, mara nyingi wa sehemu chache tu za milioni za sekunde, ambamo zote zimezimwa kabla ya jozi nyingine kuwashwa.

Kinga ya pili ni ya kuzuia mzigo kupita kiasi na shoti. Saketi hupima mkondo wakati wote. Mzigo ukizidi kidogo inavumilia kwa sekunde chache, kwa sababu mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake. Shoti ikitokea haivumilii hata kidogo, inakata papo hapo.

Kinga ya tatu ni ya betri kwisha. Betri ya asidi ya volti 12 ikifika volti 10.5 huhesabika kuwa imekwisha. Inverta nzuri hulia kengele kabla ya hapo kisha hukata. Anayetaka betri idumu huipandisha alama hiyo juu zaidi. Betri za kisasa za lithiamu zina viwango vyake tofauti, hivyo inverta inayoruhusu kurekebisha alama ya kukata ni bora kuliko ile iliyofungwa kiwandani kwa betri ya aina moja.

Kinga ya nne ni ya joto. Kipima joto hukaa kwenye bati la kupozea transista. Joto likipanda feni huanza kuzunguka, likizidi kupanda inverta hujizima. Katika banda lenye vumbi la pumba na manyoya, feni hiyo huziba upesi na matundu ya hewa pia. Kusafisha kwa brashi kavu kila mwezi, inverta ikiwa imezimwa, hakugharimu kitu.

Kinga ya tano ni fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Wengi hudhani fyuzi hiyo inalinda inverta. La hasha, kazi yake kubwa ni kulinda waya usiwake moto iwapo utachubuka na kugusana. Fyuzi iliyoko ndani ya inverta haiwezi kuulinda waya ulio kati yake na betri. Fyuzi hiyo iwe ya mkondo mnyoofu, kwa kuwa cheche za mkondo huo ni ngumu kuzimika, na kamwe isibadilishwe kwa kipande cha waya.

Kinga ya sita ni ya watu. Inverta inayolisha waya za nyumba lazima ipitie swichi ya kuhamisha, inayotenganisha kabisa nyumba na laini ya shirika la umeme. Bila swichi hiyo, umeme wa inverta unaweza kurudi nje, transfoma ya mtaa ikaupandisha hadi maelfu ya volti, na fundi aliyepanda nguzo akiamini laini imekufa akapoteza maisha. Kazi hii iachiwe fundi mwenye leseni, pamoja na ufungaji wa waya wa ardhini.

Jinsi ya kupima namba ya kwenye boksi

Mfugaji asiye fundi anaweza kuipima inverta ya volti 12 dukani kwa njia rahisi. Aulize ukubwa wa fyuzi zake, kisha azidishe ampea hizo kwa 12. Inverta iliyoandikwa wati 1,000 yenye fyuzi ya ampea 40 haiwezi kuvuta zaidi ya wati 480 kwa muda mrefu, na ukitoa upotevu itatoa karibu wati 400. Namba kubwa ya juu ya boksi mara nyingi ni ya kilele cha kitambo kidogo. Kinachotakiwa ni wati za kudumu.

Jambo la pili ni unene wa waya zinazokuja nayo. Waya zinazofanana na za spika ya redio haziwezi kubeba ampea 98. La tatu ni kuomba iwashwe kwa mzigo halisi, kama pasi ndogo au taa kadhaa zinazokaribia uwezo wake, kwa muda wa nusu saa au zaidi. Ikizima yenyewe, ikitoa harufu au bati likiwa haligusiki mapema mno, mfugaji ana haki ya kuondoka.

Wanaotengenezewa inverta na mafundi wa mtaani nao wana la kuuliza. Fundi mzoefu hajaribu kamwe bodi aliyotoka kuitengeneza kwa kuiunganisha moja kwa moja na betri kubwa. Huweka taa ya gari katikati ya waya wa chanya. Kukiwa na shoti taa itawaka kwa nguvu na transista zitapona. Bodi ikiwa nzima taa itabaki hafifu au imezimika. Aidha sokoni kuna transista bandia zilizochapwa namba za wenyewe, ambazo hupasuka siku ya kwanza ya mzigo mkubwa. Fundi anayetoa dhamana ya maandishi ana sababu ya kuchagua vipuri vyake vizuri.

Kupunguza kazi ya inverta

Kabla ya kununua inverta kubwa zaidi, mfugaji ajiulize kama anaihitaji. Joto ndiyo matumizi ghali kuliko yote ya umeme wa betri. Baadhi ya mashine za kutotolesha zina hita na feni za volti 12 zinazoweza kuchukua umeme wa betri moja kwa moja, na hapo upotevu wa kugeuza unaondoka wote. Kuziba nyufa za mashine na kuongeza tabaka la kuhifadhi joto, bila kuziba matundu ya hewa, hupunguza muda ambao hita inawaka. Katika mfano wa mayai 300, wastani ukishuka kutoka wati 120 hadi 90, mahitaji ya saa tano yanakuwa wati-saa 450. Kwa inverta nzuri hiyo ni betri ya ampea-saa 88 badala ya 118.

Vivyo hivyo mashine ya kukatia majani au pampu kubwa ya maji isiwekwe katika orodha ya vitu vya inverta. Mstuko wa mota hizo humlazimisha mfugaji anunue inverta mara tatu au nne ya anayohitaji kwa kutotolesha, na kazi zake zaweza kusubiri umeme urudi. Mayai hayawezi kusubiri.

Betri ya asidi nayo isifungiwe chumba kimoja na mashine au vifaranga, kwa sababu inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Iwekwe mahali penye hewa, na waya zake zibaki fupi.

Mwisho, majaribio yasisubiri giza. Siku tano kabla ya kuingiza mayai, mfugaji azime swichi kuu mwenyewe na kuiacha mashine tupu iendeshwe na betri kwa saa tano, akiandika volti za betri kila saa. Betri ikishuka haraka au inverta ikikata kabla ya muda, zimebaki siku za kumwita fundi, na trei za mayai bado ziko nje.